SOMO LA UFUNDI KWA WANANCHI: KUUNGA NA KUHAKIKI KIDHIBITI JOTO CHA BLANKETI LA KARAKANA
Mfano wa Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa

Somo la leo linawahusu mafundi umeme, wanafunzi wa mafunzo ya amali, wafugaji nyuki na wananchi wote wenye karakana ndogo za kusindika bidhaa. Linaeleza namna ya kuunga nyaya za kidhibiti joto cha blanketi la umeme, na namna ya kuhakiki kipimo chake kabla ya kukiamini.

Blanketi linalokusudiwa hapa si lile la kujifunikia kitandani. Ni mkanda mpana wenye nyaya za kupasha moto ndani yake, unaozungushwa kwenye ndoo au pipa ili kukiyeyusha taratibu kilichoganda ndani. Kidhibiti joto ni kile kisanduku kidogo kinachopokea habari za joto kutoka kwenye kihisi, yaani kijiti cha chuma chenye waya, kisha kikaamua kuupitisha umeme au kuukata.

Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kuuliza kwa nini tumechukua mfano wa mbali, mkoani Rukwa. Jawabu ni kwamba pwani huficha kosa ambalo mlima hulifichua. Fundi aliyejifunza kazi yake kando ya bahari amezoea kwamba maji huchemka katika nyuzi 100 za Selsiasi, na huichukua nambari hiyo kuwa ni sheria ya dunia nzima. Akiichukua dasturi hiyo mpaka Sumbawanga, mji ulio kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, chombo chake kitasema uwongo wa nyuzi 6, naye atakuwa ndiye aliyekifunza uwongo huo.

1. HAJA YA JOTO LINALODHIBITIWA

Uwanda wa Ufipa umeinuka baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Ni nchi ya baridi. Katika usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu na nyuzi 10. Mafuta ya nazi, ambayo Unguja hukaa kama maji kwa sehemu kubwa ya mwaka, yakifikishwa huko huganda yakawa meupe kama samli. Gundi ya maseremala hukawia kukauka, na rangi huwa nzito.

Bidhaa inayotaka uangalifu zaidi ni asali. Asali huganda upesi zaidi inapokaa katika joto la karibu na nyuzi 14, na hilo ndilo joto la ghala nyingi za uwanda wa juu katika miezi ya baridi. Asali iliyoganda haikuharibika, lakini haichujiki wala haijazi chupa. Ni lazima iyeyushwe, na hapo ndipo mali hupona au hupotea.

Joto la nyuzi 40 hivi linatosha kuiyeyusha asali kwa subira. Joto likizidi sana, au likikaa muda mrefu, hudhoofisha vimeng'enya vya asali na kuongeza kemikali iitwayo HMF, ambayo wanunuzi huipima maabara ili kujua kama asali imepikwa. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka kemikali hiyo isizidi miligramu 40 katika kila kilo moja, na kwa asali itokayo nchi za joto isizidi miligramu 80. Asali iliyovuka mpaka huo hairudi nyuma hata ikipozwa. Jasho la msimu mzima linaweza kupotea katika usiku mmoja kwa sababu ya kipimo kisichohakikiwa.

Kudhibiti joto si jambo geni katika nchi hiyo. Wahunzi wa Kifipa wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, zilizovuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini bila ya mivukuto. Wao walikuwa na macho na uzoefu wa vizazi. Fundi wa leo ana chombo chenye nambari, na nambari hudanganya kwa urahisi zaidi kuliko jicho lililozoea.

2. VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Katika somo hili tutachukua mfano wa ndoo ya lita 20 na blanketi la wati 200 kwa umeme wa volti 230. Vifaa ni hivi:

(a) Blanketi lenye waya wa ardhi, lisilo na mpasuko wala alama ya kuungua.
(b) Kidhibiti joto chenye relei ndani yake, na chenye nafasi ya kusahihisha kipimo.
(c) Kihisi cha platina cha aina ya Pt100, chenye nyaya tatu.
(d) Kikata joto cha dharura kinachokata umeme kwenye nyuzi 60, na ambacho hakirudi mpaka kibonyezwe kwa mkono.
(e) Plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3, swichi, na kisanduku cha kufungia.
(f) Kinga ya mvujo wa umeme ya miliampea 30.
(g) Maltimita, kwa ajili ya ukaguzi.

Mkondo wa umeme hupatikana kwa kugawa wati kwa volti. Wati 200 zikigawanywa kwa volti 230 tunapata ampea 0.87, na fyuzi ya ampea 3 inatosha. Blanketi la pipa zima la lita 200, lenye wati 1,000, huvuta ampea 4.35. Hilo linataka fyuzi ya ampea 5, nyaya nene zaidi, na relei ya nje yenye uwezo wa ampea 10 au zaidi, kwani relei ndogo iliyomo ndani ya kidhibiti huweza kuungua na kunata.

Aidha, vifaa vingi vya umeme hutengenezwa kwa matumizi ya hadi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Sumbawanga uko karibu na mpaka huo, na baadhi ya sehemu za milima ya Mbizi huupita. Huko fundi achague vifaa vyenye uwezo wa ziada, kwa kuwa hewa nyepesi hupoza vifaa kidogo kuliko hewa ya pwani.

3. KUUNGA NYAYA

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni, au mwanafunzi aliye chini ya uangalizi wa mwalimu wake. Plagi iwe imechomolewa na iwekwe mahali fundi anapoiona. Katika nyaya za kisasa waya wa moto ni wa rangi ya kahawia, waya wa nyutro ni wa buluu, na waya wa ardhi ni wa kijani chenye mstari wa manjano. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu na wa nyutro ni mweusi. Rangi isiaminiwe mpaka maltimita ithibitishe.

Hatua ya kwanza: Waya wa moto utoke kwenye plagi, upite kwenye swichi, kisha ugawanyike njia mbili. Njia moja iende kwenye ncha ya kidhibiti yenye alama L, nayo ndiyo itakayokipa chombo uhai. Njia ya pili iende kwenye ncha ya kuingilia ya relei.

Hatua ya pili: Kutoka ncha ya relei ambayo huwa wazi chombo kikiwa kimepumzika, waya wa moto uende kwenye kikata joto cha dharura, na kutoka hapo uingie kwenye blanketi. Kwa mpangilio huu umeme hauwezi kulifikia blanketi isipokuwa walinzi wawili wameridhika, yaani kidhibiti na kikata joto. Relei ikinata, kikata joto kitaokoa asali na nyumba.

Hatua ya tatu: Waya wa nyutro ugawanyike uende kwenye ncha N ya kidhibiti na kwenye upande wa pili wa blanketi. Relei isiwekwe kwenye nyutro hata siku moja. Ikiwekwa huko, blanketi litapoa na taa itazimika, lakini nyaya zake zitabaki na umeme wa kuua.

Hatua ya nne: Waya wa ardhi ufungwe kwenye blanketi, kwenye kisanduku kama ni cha chuma, na kwenye pipa lenyewe kama ni la chuma. Mikono ya mtu anayeshughulika na asali aghalabu huwa na maji. Waya wa ardhi na kinga ya mvujo ndivyo vinavyosimama baina yake na mauti.

Hatua ya tano: Kihisi kiungwe kwa nyaya zake tatu zote. Kwa kawaida mbili ni za rangi moja, nazo zimeungana upande mmoja wa kihisi, na ya tatu ni ya rangi nyingine. Wapo wanaoikata moja kwa kuiona ya ziada. Waya huo una kazi yake. Kihisi cha Pt100 kina ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi 0, na kila uzi mmoja wa joto huongeza kiasi cha omu 0.385. Nyaya mbili nyembamba za shaba, zenye eneo la milimita mraba 0.5 na urefu wa mita 10, zina omu 0.7 kwa pamoja, nazo peke yake huongeza karibu nyuzi 2 za uwongo. Waya wa tatu ndio unaokiwezesha kidhibiti kuijua hesabu hiyo na kuiondoa.

4. UKAGUZI KABLA YA KUWASHA

Plagi ikiwa bado imechomolewa, fundi apime mambo matatu. Kwanza, ukinzani wa blanketi: volti 230 zikizidishwa kwa zenyewe na kugawanywa kwa wati 200 tunapata omu 265 hivi. Akipata nambari iliyo ndogo sana kuliko hiyo, pana mguso wa nyaya. Asipopata chochote, waya umekatika. Pili, baina ya waya wa moto na waya wa ardhi pasiwe na njia kabisa. Tatu, kihisi kwenye joto la kawaida la chumba cha nyuzi 20 hadi 30 kioneshe omu 108 hadi 112.

Mafundi wa visiwani waongeze jambo la nne, nalo ni kutazama kutu. Hewa ya chumvi hula ncha za kufungia waya, na ncha iliyolika huzalisha joto mahali pasipotakiwa.

5. KUHAKIKI KIPIMO

Hapa ndipo kiini cha somo. Kidhibiti kipya kutoka dukani kisidhaniwe kuwa ni sahihi. Kihakikiwe kwa nukta tatu.

Nukta ya barafu. Chukua barafu iliyotengenezwa kwa maji safi, ipondeponde, ijaze kwenye chupa ya chai, kisha tia maji safi baridi mpaka yawe kama uji mzito. Koroga, ingiza kihisi katikati, na usubiri dakika tano. Joto la mchanganyiko huo ni nyuzi 0, Unguja na Sumbawanga sawasawa. Barafu ya maji ya kisima chenye chumvi isitumike, kwani chumvi huteremsha joto chini ya sifuri.

Nukta ya maji yanayochemka. Chemsha maji safi yachemke kwa nguvu. Kihisi kiwe ndani ya maji bila ya kugusa chungu. Hapa ndipo mahali penyewe pa kukumbuka mwinuko. Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuishinda hewa inayoyakandamiza kwa juu. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi, na maji huchemka mapema. Kwa kukadiria, kila mita 300 za kupanda huondoa uzi mmoja. Hivyo basi:

Unguja na Pemba, usawa wa bahari: nyuzi 100.
Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kiasi cha mita 775: nyuzi 97.4.
Sumbawanga mjini, kiasi cha mita 1,800: nyuzi 94.
Sehemu za milimani zenye mita 2,100: nyuzi 93.

Ieleweke kwamba ndani ya mkoa mmoja wa Rukwa, safari ya kutoka Sumbawanga kushuka Kasanga hubadilisha nukta hii kwa nyuzi zaidi ya 3. Jambo hili lilijulikana tangu mwanzo wa vipimo vyenyewe. Anders Celsius wa Uswidi, ambaye nyuzi hizi zimepewa jina lake, alipopendekeza mizani yake mwaka 1742 alieleza kwamba nukta ya kuchemka hubadilika kwa mgandamizo wa hewa.

Nukta ya kazi. Nukta mbili za mwanzo ziko mbali na nyuzi 40 tunazozitaka. Kwa hiyo tia maji ya uvuguvugu wa nyuzi 39 hadi 40 kwenye chupa ya chai, kisha ushike pamoja ncha ya kihisi na ncha ya kipimajoto cha homa cha kielektroniki. Chombo hicho kinachouzwa katika maduka ya dawa kimetengenezwa kwa usahihi mkubwa baina ya nyuzi 35 na 42, na ndipo hasa tunapofanyia kazi. Kisitumbukizwe katika maji ya moto zaidi ya hapo.

6. MFANO WA HESABU

Tuseme fundi yuko Sumbawanga. Katika barafu kidhibiti chake kinaonesha 1.5, na katika maji yanayochemka kinaonesha 95.9. Ukweli ni 0 na 94. Chombo kinazidisha 1.5 chini na 1.9 juu. Nyuzi 40 ziko karibu na nusu ya njia, lakini upande wa chini kidogo, hivyo kosa lake hapo ni 1.7. Fundi ataweka usahihisho wa kutoa 1.7, kisha atathibitisha kwa kipimajoto cha homa. Vyombo viwili vikipishana kwa nyuzi 0.3 au chini yake, kazi imekamilika.

Sasa tumtazame fundi mwingine anayeamini kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 popote duniani. Anaona 95.9, anasema chombo kinapunguza, na anaongeza 4.1. Tangu hapo asali yenye nyuzi 40 za kweli itaoneshwa kuwa na 45.8, na akiweka 40 chombo kitakata umeme asali ikiwa na 34 tu. Asali haitayeyuka. Msaidizi wake atapandisha mpaka 45, kisha 50, na siku moja ataona inayeyuka vizuri. Kuanzia hapo itakuwa dasturi ya karakana kwamba asali huyeyushwa kwa 50. Siku atakapoletewa kidhibiti kilicho sahihi, ataweka 50 ile ile, na ndipo asali itakapopikwa kweli. Kosa la fundi limegeuka kuwa mazoea ya watu, na mazoea ni vigumu kuyang'oa kuliko skrubu.

7. KUENDESHA KAZI

Kihisi kifungwe baina ya blanketi na ukuta wa ndoo, chini ya usawa wa asali. Asali haipitishi joto upesi. Kihisi kikitumbukizwa katikati, kitaendelea kusema baridi huku asali iliyo ukutani ikiungua. Kikining'inia nje ya blanketi ni hatari zaidi, kwani kitapima hewa ya chumba, na umeme hautakatika kabisa. Kikata joto nacho kigandamizwe kwenye ukuta huo huo.

Ndoo ya lita 20 ina kilo 28 hivi za asali. Kuipandisha kutoka nyuzi 16 hadi 40 kwa wati 200 huchukua zaidi ya saa mbili kwa hesabu tupu, na kwa kweli huchukua saa nyingi zaidi, kwa kuwa joto hutoroka na chembe zilizoganda hutaka joto lao. Ndoo ifunikwe, na asali ikorogwe kila inapolegea. Umeme ukipungua hadi volti 200, blanketi hutoa wati 151 tu. Kipimo hakiharibiki, kazi huchelewa. Dawa yake ni subira, si kupandisha nambari.

Uhakiki urudiwe kila mwanzo wa msimu, kila kihisi kinapobadilishwa, na kila karakana inapohamia mahali penye mwinuko tofauti. Tarehe na nambari ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kifuniko cha kisanduku. Wenye kutaka usahihi wa kibiashara wawasiliane na Shirika la Viwango Tanzania au, kwa upande wa Zanzibar, Taasisi ya Viwango Zanzibar iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

Swali la 1: Blanketi la wati 400 kwenye volti 230 linavuta ampea ngapi?
Swali la 2: Karakana iko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Maji yatachemka kwenye nyuzi ngapi?
Swali la 3: Fundi ametumia barafu ya maji ya chumvi yenye nyuzi 1.5 chini ya sifuri, akaifanya kuwa ndiyo sifuri. Asali yake itakuwa na joto zaidi au pungufu ya analoliona kwenye chombo?

Majibu: (1) Ampea 1.74. (2) Nyuzi 96. (3) Pungufu kwa nyuzi 1.5, kwani ameongeza nambari ambayo haikustahiki.

HITIMISHO

Kipimo ni amana. Mfugaji nyuki anayekabidhi ndoo yake karakanani haoni nyaya wala hajui hesabu za omu. Anaitazama nambari inayowaka na kuiamini kwa sababu anamwamini aliyeiweka. Kwa hiyo mafundi wote, wa visiwani na wa bara, wanausiwa wasimkabidhi mwananchi chombo chochote cha joto kabla ya kukihakiki kwa barafu, kwa maji yanayochemka na kwa nukta ya kazi, na wahakiki pale pale kitakapotumika. Na anayesafirisha chombo kutoka pwani kwenda nyanda za juu aandike juu yake kwa wino usiofutika: HAKIKI UPYA KABLA YA KUTUMIA.